Balozi na Gobore la Kaka Yake

Kosa langu la mwanzo, nikiwa sijamaliza hata mwaka mmoja katika kazi ya kuchapa karatasi za watu, lilikuwa kuandika jambo la kweli kuhusu jirani yangu kabla ya kwenda kumwambia. Ulikuwa mstari mmoja tu, kwenye safu ya mwisho ya jedwali, chini ya neno Maelezo. Safu hiyo ningeweza kuiacha wazi. Kwa majina mengine yote niliiacha wazi, na hakuna aliyeuliza.

Sikusomea kazi hii. Nilifeli kidato cha nne, nikajifundisha kompyuta kwa kuangalia video kwenye simu, kisha nikafungua kibanda cha kopi na kuchapa barua katika kijiji chetu, chini ya mlima Sekenke. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana uhakika na kitu chochote. Barua ya mistari mitano nilikuwa naichapa mara sita. Nafasi mbili zikikaa mahali pa moja, silali. Nilidhani kwamba nikiwa sahihi katika kila kitu, hakuna atakayegundua kwamba sijui.

Jirani huyo alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nitamwita Balozi, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita wote, hata mke wake, hata mbele ya wageni.

Alikuwa mrefu na mkavu, na sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kwa mlipuko wa gobore miaka mingi kabla sijamfahamu. Ukikaa upande huo hakukuambia kwamba hasikii. Alikushika bega, akakuinua, akakukalisha kushoto kwake kama mtu anayehamisha kigoda. Watoto wa mtaani kwetu walikua wakiamini kwamba hiyo ndiyo heshima, na mpaka leo nawaona vijana wazima wakimsalimia mzee yeyote, shikamoo, kisha wakimzunguka kwenda kukaa kushoto.

Alipenda ugoro na alikuwa mchoyo nao. Alichukia mtu anayepita na salamu za haraka. Mbuzi hakuuzwa katika nyumba zetu kumi bila barua yake, na barua hiyo aliiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa zote, akitaja mpaka doa lililo kwenye kwato. Mtu akimwambia, "Balozi, huyu mbuzi ni wangu, kila mtu anamjua," alijibu, "Kila mtu hana muhuri."

Lakini alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao sijauona kwa kiongozi mwingine. Akipata malalamiko juu ya mtu, hakuyapeleka ofisi ya kijiji siku hiyo. Alikwenda kwanza kwa yule anayelalamikiwa. Nilimshuhudia mwenyewe asubuhi moja kwa jirani aliyekuwa amesogeza mpaka wa shamba, ameng'oa minyaa na kuipanda hatua nne ndani ya shamba la mjane. Balozi alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa, akauliza habari za watoto, habari za ng'ombe, habari za mguu uliokuwa umeteguka. Kisha akasema, "Kesho naenda ofisini kukusemea vibaya. Nimekuja kukuambia leo."

Yule bwana akacheka kwa wasiwasi. "Sasa Balozi, ukishaniambia, si nitairudisha hiyo minyaa usiku huu?"

"Irudishe."

"Halafu kesho utasema nini ofisini?"

"Nitasema nilipita kusalimia."

Wengine walimwona mlegevu kwa ajili ya jambo hilo. Mtendaji wa kijiji, kijana aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine, aliwahi kuniambia kibandani kwangu kwamba Balozi anawapa wahalifu nafasi ya kuficha ushahidi. Mimi nikamkubalia. Nilikuwa namkubalia kila mtu mwenye muhuri.

Gobore, sasa. Mashamba yetu mengi ya mahindi na mtama yako chini ya mlima, na mlimani kuna nyani. Nyani si ndege, humtishi kwa kamba na kopo. Hushuka mchana, kundi zima, wakubwa mbele, na kwa saa moja shamba la ekari moja linabaki majani. Kila mwenye shamba kule alikuwa na namba ya Balozi kwenye simu. Ulipiga ukasema neno moja tu, "Wameshuka," na yeye alitoka na gobore lake begani, akitembea bila haraka, akisalimia kila aliyekutana naye njiani kana kwamba anakwenda sokoni.

Kulishindilia kulichukua muda. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaweka kitambaa, akashindilia kwa chuma, akafunga macho kidogo, akaweka fataki. Mara nyingi hakuweka risasi kabisa. Alilipua baruti tupu hewani, mlio ukagonga mlima na kurudi, na nyani wakaondoka wakitukana kwa lugha yao. Mke wake alipenda kusimulia wageni wakiwepo.

"Tangu nimeolewa, bunduki ya huyu imeua debe moja na mbuzi wetu wenyewe."

"Mbuzi alijiingiza," Balozi alisema.

"Alikuwa amefungwa!"

Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika habari ya silaha zisizojulikana. Kulikuwa na magobore mengine kijijini, ya kutengenezwa kienyeji kwa mabomba, yaliyofichwa kwenye dari na maghala. Balozi aliyajua karibu yote na aliwasumbua wenyewe bila kuchoka. "Kaombe kibali," aliwaambia. "Ukinyimwa, lipeleke. Bunduki isiyo na jina la mtu siku ikiua haitakuwa na mwenyewe." Hayo hakuyatoa hewani. Katika kijiji chetu kijana mmoja alikwenda kuwinda digidigi na wenzake akarudishwa kwenye machela ya miti, na gobore lililompiga halijapata mwenyewe mpaka leo. Wote waliokuwa porini walisema halikuwa lao.

Niligundua jambo lake siku aliponiletea kitabu chake cha leseni nikitoe kopi. Nilikifungua, nikaona picha. Uso ulifanana naye, ila haukuwa wake. Jina pia halikuwa lake.

"Balozi, huyu nani?"

"Kaka."

"Yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi. "Kaka amekufa. Kitabu hakijafa."

Alinieleza bila kuficha, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, mimi nikiwa nimesimama kushoto kwake. Kaka yake alikuwa na kibali halali cha gobore lile. Alipokufa, Balozi alilichukua pamoja na kitabu, kama alivyochukua jembe la kukokotwa na ng'ombe na mlango wa mbao. Kila mwaka alikwenda wilayani, akaketi kwenye benchi, na jina la marehemu lilipoitwa alisimama akaitika. Kitabu kikagongwa muhuri, akarudi nyumbani. Kwake yeye, hiyo ndiyo ilikuwa kutii sheria. Hakuna mwaka alioruka.

Nilimwambia kwamba nadhani sheria haisemi hivyo. Nilikuwa nimewahi kuchapa tangazo lililosema mwenye silaha akifa, silaha irudishwe polisi, na ndugu anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Balozi alikivuta kitabu, akaitazama ile picha.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa naitika bure jina la mtu aliyekufa?"

 Alichukua kopi yake, akaikunja mara nne. Mlangoni akageuka. "Karani, nimekuambia kama jirani."

Baada ya hapo likaja tangazo la serikali. Wenye silaha wahakikiwe, majina yaandikwe upya. Na kwa muda maalumu, mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari, hataulizwa ameitoa wapi. Muda ukiisha, msako. Mkutano wa kijiji uliitishwa kwenye uwanja wa ofisi, na ulikuwa mkali. Kijana mmoja mwenye shamba kubwa chini ya mlima alisimama akiwa na hindi lililotafunwa mkononi.

"Mtendaji, nikishasalimisha, nyani nao watasalimisha meno?"

Watu wakacheka. Mtendaji akasema serikali ina askari wa wanyamapori.

"Nikiwapigia leo, wanafika lini?"

"Kuna utaratibu."

"Basi wapelekeeni nyani huo utaratibu, mimi nitawasubiri hapa."

Ndipo mama wa yule kijana aliyekufa porini aliposimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alifunga khanga yake vizuri kwanza. "Nyinyi mnahesabu mahindi," alisema. "Mimi nimezika. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza, ile bunduki ya nani, nisamehe yaishe, na kila mmoja aliniambia si yangu. Kama ingekuwa imeandikwa, ningejua wa kumsamehe."

Hakuna aliyecheka tena. Balozi alisimama, akavua kofia. "Mama amesema," akasema. "Ziandikwe zote. Isibaki hata moja. Yangu pia."

Neno hilo la mwisho nililisikia. Nataka lieleweke hivyo, kwamba nililisikia, na bado nikafanya nilichofanya.

Mtendaji alinipa daftari la zamani nichape orodha ya wamiliki wanaojulikana, ipelekwe wilayani. Majina yalikuwa tisa. Nilichora jedwali: namba, jina, kitongoji, aina ya silaha, maelezo. Nilipofika kwa jina la kaka yake Balozi nikasimama. Jina lilikuwa la marehemu, nami nilijua. Kuliacha hivyo ilikuwa sawa na kuchapa uongo, na uongo ule ungekuwa kwenye karatasi niliyoichapa mimi, isiyo na doa hata moja. Nikaandika: Mmiliki alifariki. Silaha inatunzwa na mdogo wake, ambaye ni balozi. Nikausoma mstari mara tatu. Nikarekebisha mkato. Nikatoa nakala tatu.

Toka kibandani kwangu mpaka nyumbani kwa Balozi ni mwendo wa kumaliza pipi moja. Sikwenda. Nikijiuliza leo kwa nini, sipati sababu kubwa. Nilikuwa nimeridhika na jedwali. Niliona haya kidogo pia, nikajiambia kwamba mtendaji atamweleza. Mtendaji hakusoma, alisaini.

Polisi walikuja na gari wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi, muda wa kusalimisha ukiwa bado haujaisha. Nilikuwa natoa kopi ya cheti cha ubatizo nilipoona vumbi. Nilifika kwa Balozi nikakuta watu wamesimama nje ya uzio. Alikuwa ametoka ndani mwenyewe na gobore, limezungushiwa gunia safi na kufungwa kamba ya katani sehemu tatu, vizuri kama mzigo wa kusafiri.

"Hii hapa," alisema. "Naisalimisha."

"Mzee, tumekuja kuichukua."

"Nimeitoa mwenyewe. Hamjaingia ndani."

"Umeitoa tulipofika."

Askari yule hakuwa mbaya. Alimwita mzee, alimsubiri avae viatu, hakumfunga pingu mbele ya wajukuu. Lakini alikuwa na karatasi yangu mkononi, imekunjwa mara moja, na kwenye karatasi ile mtu alikuwa ameshatajwa kabla hajajitaja. Balozi alirudia mara mbili zaidi neno lile, naisalimisha, akimgeukia kila mmoja kwa sikio lake zima, kama mtu anayetaka kusikia limepokelewa. Kisha akapanda gari.

Ni mke wake aliyenieleza yaliyobaki, bila kujua anamweleza nani. Balozi alikuwa amelifunga gobore siku ya pili yake baada ya mkutano. Alikuwa anasubiri tu majirani watatu wa chini ya mlima wamalize kuvuna, kwa kuwa alikuwa amewaahidi. Walibakiza siku nne. Jumatatu alikuwa apande basi kwenda wilayani. Alishamwomba mkewe ampigie pasi shati jeupe.

"Alitaka aingie nalo kwa miguu yake," alisema. "Waandike, amesalimisha. Neno hilo tu ndilo alilokuwa analitaka."

Walimweka rumande wiki kadhaa. Mimi nilianza kuandika barua ya kwenda mahakamani, kueleza kwamba ni mimi niliyeandika mstari ule, kwamba mzee alishasema hadharani kwamba lake pia liandikwe, kwamba alikuwa amelifunga tayari. Niliichapa mara kumi na moja. Siku ya kesi nilipanda basi la alfajiri kwenda wilayani, Kiomboi, na bahasha kifuani. Nikiwa nje ya mahakama niliifungua kuisoma mara ya mwisho, nikaona ukurasa wa pili nimekosea tarehe ya mkutano. Ningeweza kuikata kwa kalamu. Mtu yeyote angeikata kwa kalamu. Mimi niliondoka kutafuta mahali pa kuchapa upya, umeme ukawa umekatika, nikahangaika duka hadi duka, na niliporudi na karatasi mpya, safi, watu walikuwa wanatoka. Balozi alikuwa ameulizwa kama ni kweli, akajibu ni kweli, yamekwisha. Kwa ajili ya umri wake alipewa kifungo cha nje. Gobore lilitaifishwa. Katika kumbukumbu aliandikwa kwamba amepatikana nalo.

Sijui kama barua ile ingebadilisha kitu. Mwanasheria mmoja niliyemchapia hati aliniambia huenda ndiyo, huenda hapana. Bahasha nilirudi nayo.

Balozi hakuwa balozi tena. Mtu aliyetiwa hatiani hawezi kuandikia wenzake barua za mbuzi. Hakulalamika, ila aliacha kwenda mikutanoni, na ugoro wake, ambao zamani alituhesabia punje, akawa anamwagia kila aliyeomba. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mwaka mzima nilimkwepa. Nikimwona kwa mbali najifanya napokea simu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mchana, shambani kwake chini ya mlima. Nilisikia debe likigongwa nikajua ni yeye. Nyani walikuwa wamekaa kwenye mawe ya juu, zaidi ya ishirini, wanamtazama. Aligonga. Dume kubwa lilishuka hatua mbili, likavunja hindi, likala bila haraka.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Usiniite hivyo." Aligonga tena. "Unaona? Wamejua sina kitu. Hata nyani wana orodha."

Nilicheka. Nilikuwa nimeandaa mwaka mzima maneno ya kusema na yote yakaniponyoka. Nikasema, "Ni mimi niliyeandika."

Hakunitazama. Alinishika bega, akanivuta upande wa kushoto, akasema, "Rudia."

"Ile orodha. Ni mimi niliyeandika kwamba kaka yako alifariki."

"Najua. Askari alinionyesha pale pale. Karatasi yako inajulikana, hata mkunjo wake umenyooka." Akaketi kwenye tuta, debe katikati ya magoti. "Uliandika uongo?"

"Hapana."

"Basi hukukosea kuandika. Yule mama alisema ziandikwe zote, nami nilikubali. Ningekuwa nimekukuta unaficha langu, ningekusema." Alichukua ugoro, mwingi ukamwagika kwenye shati. "Lakini ungekuja, mwanangu. Nilikuwa nakaa palepale. Ungeniambia, Balozi, kesho nakuandika. Ningeomba lifti hata ya lori la chumvi, ningelipeleka siku hiyohiyo, na wenye mahindi wangenisamehe."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Sikuweza kujua kama kusikia kwake kulikuwa ndiyo. Tulikaa, yeye akigonga debe kila baada ya muda, mimi nikirusha mawe ambayo hayakufika popote, mpaka nyani waliposhiba na kupanda mlima wenyewe.

Alifariki kabla ya mvua za mwaka huo. Kijijini kwetu sasa hakuna gobore hata moja, lililoandikwa wala lisiloandikwa. Mama wa yule kijana anasema anapita njia ya porini bila moyo kumdunda. Mashamba ya chini ya mlima yameachwa, yamebaki vichaka mpaka karibu na barabara. Nyumba zetu kumi zilikaa muda mrefu bila mtu wa kukubali ubalozi, na aliyekubali mwishowe hupeleka malalamiko ofisini siku hiyohiyo anapoyapata.